Mizani ya Nyamawi

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi,
naiweka mizani juu ya saruji, uwanja wa Mbaraki.
Nyamawi anavua viatu, anavua soksi,
kisha anavua pete ya ndoa,
kana kwamba fedha ile nyembamba ndiyo iliyozidi.
Mia moja thelathini na moja.
Naandika. Wiki jana ilikuwa mia na thelathini.
"Ni maji," asema, "joto hili la kaskazi limenijaza maji."
Mimi simjibu. Daftari ndilo hujibu.

Lakini mpe mpira.
Mpe mpira, kaa ng'ambo, umtazame:
mkono ule wajua kikapu kilipo
kama ulimi ujuavyo pengo la jino.
Anageukia kisigino kimoja, walinzi wawili
wanabaki wakiikaba hewa,
na mpira unapanda, hauna haraka,
wavu hausemi kitu, unameza tu.
Watoto waliokwea ukuta wanapiga kelele kabla haujaingia.

Robo ya kwanza ni yake.
Ya pili twagawana na wageni.
Ya tatu mikono yashuka magotini.
Ya nne
huiona benchini: taulo kichwani,
mbavu zikienda kama mivukuto ya mhunzi,
na ubao ukihesabu vya wenzetu.

Nami ni Twalib, Twalib wa mapafu.
Tulisoma pamoja Tudor, tukavaa jezi za rangi moja.
Nilikuwa nikikimbia mechi nzima
nisitoe jasho la kulowesha ukosi,
na sikuwahi kufunga pointi kumi.
Mola alipogawa, kwangu alimimina pumzi,
kwake akamimina mkono,
akaufunga mfuko bila kutuchanganya.
Siku nyingine, sitaficha, akihema mimi hufurahi.
Halafu naona haya, nampelekea maji.

Mwalimu wetu wa fasihi alikuwa akisema:
mstari ukizidi mizani, toa neno.
Sawa, mwalimu.
Kwa mtu, natoa neno gani?

Meneja hana mafumbo. Mkataba unaisha Juni.
Kilo kumi na mbili, au tuagane kwa wema.
Umazi, mkewe, ameficha sukari juu ya kabati
ambako mume wake, kwa urefu alio nao,
huipata bila kunyoosha kidole.

Usiku wa Alhamisi nilipita Mwembe Tayari,
nikamkuta peke yake kwenye benchi la viazi karai,
ukwaju umemchirizika hadi kifundoni.
Aliniona. Hakukana, hakuapa.
Alisogeza sahani katikati yetu.
Nami, mlinzi wa daftari, nikachukua kiazi.
Kilikuwa cha moto, pilipili yake haina huruma.
Tulikula kimya, kisha akasema:

"Twalib, huu mkono haujawahi kuniomba kitu.
Nilizaliwa nao, ukawa unafunga.
Miguu, kifua, hivi vyataka kununuliwa kila siku,
na mimi sikufunzwa kununua.
Nikikimbia naona kama nadaiwa deni
la mtu nisiyemjua."

Nilitaka kumwambia kuna deni lingine,
la mtu aliyekimbia miaka yote
bila kujua anakimbilia nini.
Nikafuta vidole kwa gazeti, nikanyamaza.

Kesho yake hatukupanda mizani.
Tulikwenda barabara ya Mama Ngina kabla ya jua,
na badala ya kumtangulia na saa mkononi
nilikimbia nyuma yake,
nikiusikiliza mgongo ule mpana ukitafuta hewa.
Alisimama mara sita. Mara ya tatu alitapika.
Mara ya sita akanitukana mimi na ukoo wangu,
akaondoka tena.

Jumatatu, saa kumi na mbili.
Anavua viatu, anavua soksi.
Mia moja thelathini na nukta nane.
Naandika, sisemi kitu.
Lakini chini kabisa, pambizoni,
ambako meneja hasomi, naongeza:
leo pete hakuivua.